Kaa na Hii: Mashine Iliyotengenezwa ni ya Nani?

Waasia wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 waliporuhusiwa kurudi kudai mali zao, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1982 na ambayo utekelezaji wake ulikuja kushika kasi miaka ya tisini, walidai hasa nyumba, maduka, viwanda na mashamba. Hivyo ndivyo vitu vyenye hati. Sijasikia kuhusu mtu aliyepanga foleni kudai sufuria, kitanda au cherehani. Lakini vitu hivyo pia vilibadilisha mikono, na vingi viliishi miaka mingi kwa sababu kuna mtu aliyevitengeneza kila vilipoharibika. Hapo ndipo swali langu lilipo. Mtu akitunza kitu cha mwenzake, akakitengeneza na kukitengeneza tena hadi sehemu nyingi zimebadilishwa, je, kitu hicho kinakuwa chake?

Wanafunzi wenzangu wa falsafa wanalijua swali hili kwa mfano wa merikebu ya Theseus. Mimi nitalizungumzia kwa mfano wa mashine ya kufulia nguo, kwa kuwa ipo nyumbani kwetu Walukuba, mjini Jinja, na kwa kuwa yupo mtu aliyekwisha kuuliza bei yake.

Ni mashine ya Hoover, ya aina ambayo kampuni hiyo ilianza kuitengeneza mwaka 1948 katika kiwanda chake cha Merthyr Tydfil, huko Wales. Anayezijua mashine za leo tu asitarajie kuona mlango wa kioo. Haina vitufe vya kuchagua, haiingizi maji yenyewe wala haiyapashi moto. Ni sanduku la chuma lenye kimo cha kiunoni, na ndani yake pipa moja. Ubavuni mwa pipa kuna sahani yenye matuta, inayozungushwa na mota kwa mkanda. Sahani huyavuruga maji, na maji huzivuruga nguo. Juu kuna kikamulio, yaani roli mbili za mpira na mkono wa kuzungushia. Unamimina maji ya moto kwa ndoo, unatia sabuni, unawasha, unangoja dakika chache, unazima, kisha unapitisha nguo moja moja katikati ya roli huku ukichunga vidole na vifungo. Ikilinganishwa na beseni na jiwe la kufulia, ni raha tupu. Na katika Uganda, mji wa Jinja ulikuwa na kila sababu ya kuwa na mashine kama hiyo, maana bwawa la umeme la Owen Falls, tunaloliita sasa Nalubaale, lilifunguliwa hapa hapa mwaka 1954.

Bibi yangu, ambaye sisi tunamwita jaja, aliijua mashine hiyo kabla haijafika kwetu. Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi katika nyumba ya familia moja ya Wahindi, naye alianza akiwa msichana. Nguo zilikuwa zao, mashine ilikuwa yao, mikono ilikuwa yake. Mwezi wa nane mwaka 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia wasio raia wana siku 90 za kuondoka, na katika vurugu iliyofuata hata wengi waliokuwa raia walijikuta njiani. Waliruhusiwa kuchukua fedha kidogo na mizigo michache. Mashine ya kufulia haikuwa mzigo wa kupanda nao ndege. Siku ya mwisho mama wa nyumba ile alimwita jaja jikoni, akaweka mkono juu ya kifuniko cha mashine, akamwambia kwa kile Kiswahili walichokuwa wakielewana nacho: "Wewe kaa na hii."

Mshahara wa mwezi uliopita ulikuwa haujalipwa. Jaja hakuuliza, kwa kuwa yule mama alikuwa analia.

Usiku ule ule jaja na kaka yake waliibeba mashine kwa mkokoteni hadi Walukuba. Baada ya wiki mbili nyumba ikapewa mwanajeshi, na vyote vilivyosalia humo vikawa vyake au vya wale aliowauzia. Watu wa namna hiyo, waliotajirika kwa siku moja, Waganda waliwaita mafuta mingi. (Mwalimu wangu wa sarufi angesahihisha: mafuta mengi. Lakini jina limeshaingia katika historia likiwa na kosa lake, na pengine linawafaa zaidi hivyo.) Amri ya serikali ya mwaka 1973 iliziweka mali zilizoachwa chini ya bodi maalumu ya kuzisimamia. Kwa hiyo, kwa sheria ya wakati ule, mwanajeshi aliyepewa nyumba alikuwa ndani ya haki yake, na mwizi, kama alikuwepo, alikuwa jaja na mkokoteni wake. Nalitaja hili mapema ili msomaji asije akadhani kwamba sheria peke yake itatutoa hapa.

Jaja aliitumia mashine hiyo zaidi ya miaka kumi. Alifulia watoto wake, majirani wenye wagonjwa, na kwa muda aliwafulia watu kwa malipo. Mkanda ulipokatika alishona mwingine kwa ngozi. Mnamo 1985 mpira unaozuia maji pale mhimili wa sahani unapopita ukutani mwa pipa ulichakaa, maji yakaanza kudondokea mota, na siku moja ikatoa moshi. Ikasukumwa ghalani, ikawa meza ya kuwekea magunia ya mahindi, na huko ikakaa hadi mwaka jana, nilipomwambia jaja kwamba ningependa kuona kama inaweza kufufuka.

Fundi niliyempata ana karakana Katwe, Kampala, mahali ambapo watu husema kwamba kitu kikishindikana hapo basi kimekwisha. Niliipeleka mota kwa teksi, nimeipakata mapajani kama mtoto. Fundi aliichomoa waya zote za shaba zilizoungua, akahesabu mizunguko ya kila koili na kuiandika ukutani kwa chaki, akasuka koili mpya, akazipaka vanishi na kuzikausha. Mhimili ulikuwa umeliwa na kutu. Akakereza mwingine pamoja na bushi zake. Sili ya mpira ya saizi ile haikupatikana, kwa hiyo alichukua ya gari na kuichongea makao yake. Roli za kikamulio zilikuwa zimepasuka kama visigino vya mtu atembeaye pekupeku. Tulizivua mpira wa zamani na kuzivisha mpya. Mkanda mpya. Kapasita mpya. Nje tulipiga msasa hadi kwenye chuma, tukapaka rangi mara tatu.

Tulibishana mara moja tu, kuhusu waya wa umeme. Mimi nilitaka ubaki wa zamani, uliofunikwa kwa kitambaa, kwa sababu ulikuwa mzuri na ulikuwa wa kwake. Fundi aliukunja mbele ya macho yangu, na mpira wa ndani ukamwagika mezani kama makombo ya mkate. Akaniuliza nani atakayesimama kwenye sakafu yenye maji akiishika mashine hiyo. Ni jaja. Akafunga waya mpya wenye njia tatu, na ule wa ethi akaukaza kwenye bodi kwa skrubu mbili badala ya moja. Tangu siku hiyo siamini kwamba kurudisha kitu katika hali yake ya zamani ni jambo lenye maana moja. Ukitaka irudi kama ilivyoonekana, utaweka waya wa kitambaa. Ukitaka irudi kama ilivyokuwa ikimhudumia mtu, utautupa. Fundi alichagua kumjali mtu, na sidhani kama ipo hoja ya kumpinga.

Jaja alikuwa na sharti moja. Hakuna kipande kitakachobaki Katwe. Kwa desturi shaba ya zamani ni ya fundi, naye huiuza kwa kilo, lakini jaja alisisitiza, nami nikamlipa fundi fidia. Koili zilizoungua, mhimili ulioliwa, bushi, mipira iliyopasuka, hata ule waya, vyote vimo katika gunia ghalani. Nilidhani ni uzee.

Miezi miwili baada ya mashine kuanza kuzunguka tena, alikuja binti mmoja kutoka Leicester, mji wa Uingereza ambako familia nyingi za Waasia wa Uganda zilihamia. Alikuwa mjukuu wa mama wa nyumba ile. Alitaka tu kuiona nyumba, ambayo familia yake iliirudishiwa na ikaiuza zamani, na mtu akamwelekeza kwa jaja kama mtu wa mwisho aliyewafahamu. Jaja alimpokea, akamwita mjukuu wangu, akamtengenezea chai. Yule binti alipoiona mashine uani alinyamaza kwa muda. Alisema kuna picha moja kwao, bibi yake akiwa kijana, amesimama kando yake. Kisha akauliza, kwa adabu sana, kama tungekubali kumuuzia.

Mjomba wangu alitaja bei papo hapo. Jaja alisema bei haipo. Yule binti akaona haya, akabadilisha mazungumzo. Tangu siku hiyo nyumba yetu imegawanyika.

Hoja ya mjomba si ya kudharau. Anasema: mota ni yetu, mhimili ni wetu, mpira, rangi, waya, vyote tumenunua. Kilichobaki cha wale ni pipa na sanduku. Na chuma hicho nacho kingekuwa vumbi kama si sisi. John Locke, aliyeandika karne ya 17, angeonekana kumuunga mkono, maana alifundisha kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu, kitu hicho kinakuwa chake. Lakini Locke alikuwa akizungumzia vitu ambavyo havikuwa vya mtu yeyote: tunda la msituni, maji ya mto. Hakusema kwamba nikiingia shamba la jirani na kulipalilia usiku, kufikia asubuhi shamba ni langu. Robert Nozick naye, mwaka 1974, aliuliza: nikimwaga kopo langu la juisi ya nyanya baharini, je, nimepata bahari au nimepoteza juisi? Mjomba anadhani sisi tumepata bahari. Inawezekana tumepoteza juisi.

Wanasheria wa Roma ya kale walibishana kuhusu jambo la karibu na hili. Mtu akichukua zabibu zako akatengeneza divai, divai ni ya nani? Kundi moja lilisema ni ya mwenye zabibu, jingine likasema ni ya aliyeitengeneza. Baadaye, chini ya Justinian, wakapatana: kama kitu kinaweza kurudishwa kilivyokuwa, kama kikombe cha fedha kinavyoweza kuyeyushwa, ni cha mwenye malighafi, kama hakirudi, ni cha mtengenezaji. Nikiitumia kanuni hii kwetu naona jambo la ajabu. Mjomba angeikata mashine akafanya sigiri mbili za mkaa, angekuwa na haki kubwa juu ya sigiri zile kuliko aliyo nayo juu ya mashine, kwa sababu sigiri ni kitu kipya. Fundi wa kurekebisha hatengenezi kitu kipya. Akifaulu kabisa, kilichopo mwishoni ni kile kile kilichokuwepo mwanzoni. Kadiri kazi yake inavyokuwa nzuri, ndivyo inavyozidi kushuhudia kwamba kitu ni cha yule wa kwanza. Yule binti aliitambua kwa mtazamo mmoja; ni sisi tuliomwezesha kuitambua.

Thomas Hobbes aliongeza utata katika hadithi ya Theseus mwaka 1655. Aliuliza: itakuwaje kama mtu aliziokota mbao zote za zamani zilizotolewa na kuziunganisha tena kwa mpangilio ule ule? Merikebu ipi ndiyo yenyewe? Nilimsomea jaja swali hilo kwa Kiswahili, akacheka, akaonyesha ghala kwa kidole. Alisema gunia si kwa ajili ya kuunganisha. Ni ili siku mtu akija kuuliza, aonyeshwe kila kilichokuwa chake kimeenda wapi. Hivi ndivyo anavyofanya mtu aliyewekewa amana.

Mwenzangu mmoja Mwislamu alinifafanulia hukumu ya kiokotwa katika dini yake: anayekiokota hukitangaza mwaka mzima, akikosekana mwenyewe anaweza kukitumia, lakini mwenye kitu akija siku yoyote anarudishiwa. Niliipenda hukumu hiyo kwa sababu inatenganisha kutumia na kumiliki. Hata hivyo mashine haikupotea, wala jaja hakuiokota. Aliambiwa jambo, na kila kitu kinategemea jambo lile lilikuwa na maana gani.

"Kaa na hii." Mjomba anasikia: ichukue, iwe yako, labda badala ya mshahara. Jaja anasikia: baki nayo, hadi turudi. Maneno yanaruhusu yote mawili, na si kwa sababu yule mama alizungumza Kiswahili cha jikoni. Kiswahili sanifu nacho kiko hivyo. Tunaposema "nina kalamu", tunasema kwamba niko pamoja na kalamu. Kuwa na kitu ni kuwa nacho, kando yake. Neno kumiliki tumelichukua kutoka Kiarabu, na tunalitumia zaidi ofisini na mahakamani. Najua mtu ataniletea "mwenye". Ni kweli, mwenye nyumba ni mmiliki wa nyumba. Lakini mwenye njaa hamiliki njaa, na mwenye mgeni hamiliki mgeni. Lugha yetu ya kila siku inajua kwanza nani yuko na nini. Nani anamiliki nini ni swali linalokuja baadaye, mara nyingi na karatasi mkononi.

Nadhani kutengeneza ni sehemu ya kuwa na kitu kwa maana hiyo ya kwanza. Kwa zaidi ya nusu karne jaja amekuwa na mashine ile, hata miaka ilipolala ghalani chini ya mahindi. Hilo si dogo, na halifutwi na picha iliyoko Leicester. Linampa haki, lakini kwa maoni yangu si haki ya kuuza. Linampa haki ya kuulizwa kabla ya uamuzi wowote, haki ya kurudishiwa gharama za Katwe, na haki ya kulipwa mshahara ule wa mwezi mmoja ambao yeye mwenyewe hautaji. Methali tunayofundishwa shuleni inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haisemi kwamba ukiziba ufa ukuta unakuwa wako.

Mjomba ananiuliza: kwa nini basi tusimpe bure, kama sisi si wenyewe? Hapo ananibana. Kumpa bure, kama zawadi, nako ni kujifanya wenyewe, maana mtu hutoa zawadi ya kilicho chake. Na kumkabidhi bila neno ni kuifanya kazi ya jaja isiwe kitu, kama ilivyokuwa rahisi kuifanya enzi zile, nguo zilipokuwa zao na mikono yake. Ninachokiona cha haki ni hesabu ya wazi mbele ya wote wawili, gunia likiwa limefunguliwa sakafuni: hiki kilikuwa chenu, hiki tuliweka, hiki mlikuwa mnadaiwa. Baada ya hapo mashine iende anakotaka mjukuu yule, au ibaki, kwa makubaliano, kama ilivyobaki mara ya kwanza. Inawezekana hataki kabisa kuisafirisha. Inawezekana alitaka tu kujua kama bado ipo, na swali la bei ndilo pekee alilojua kuuliza.

Amesema atarudi mwezi wa kwanza. Jaja ameniagiza nimwandikie kwa Kiingereza kwamba aje na ile picha. Mashine inaendelea kufua kila Jumamosi. Wiki iliyopita mkanda ulianza kuteleza, na mjomba akauliza nani atanunua mwingine, sasa kwa kuwa tumeambiwa mashine si yetu. Jaja alitoa shilingi elfu kumi na tano kutoka kwenye fundo la kitenge chake. Mkanda wa zamani nimeuweka ndani ya gunia.